Kamba Kwenye Dinari

Kazi yangu ni kuzipiga picha pesa za wafu. Hivyo ndivyo mama yangu alivyokuwa akiwajibu wanawake wenzake kanisani, wakimuuliza mwanawe anafanya nini hapa Toronto. Wao walicheka, yeye hakucheka. Kule Bukavu nilikuwa na studio yangu: pazia la bluu, kiti cha kifalme cha mbao, maharusi wakipanga foleni Jumamosi. Hapa nilianzia kwenye kiwanda cha kuku, nikikata mapaja mpaka vidole vikafa ganzi, na siku nilipoona tangazo la mwenye duka la sarafu za kale huko Agincourt, mashariki mwa jiji, anayetafuta mpiga picha, sikuuliza mshahara. Niliuliza kama ndani kuna joto.

Joto lipo. Duka ni chumba kimoja, katikati ya daktari wa meno na duka la vyakula la Watamil, na bosi wangu ni mzee ambaye hawapendi watu sana lakini anawapenda Warumi. Anauza dinari, zile sarafu za fedha za milki ya Rumi, kila moja ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Wanunuzi wake wako mbali, wanaziona kwenye mtandao tu, kwa hiyo kitu wanachokipenda kwanza ni picha yangu. Ndiyo maana ananivumilia.

Siri ya kazi ni taa. Ukiiweka taa juu, sarafu inalala. Unaona kipande cha chuma chenye makovu. Ukiishusha ubavuni, karibu kabisa na meza, vivuli vinaingia katika kila mchirizi na watu wanasimama. Unaona pua, mkunjo wa nguo, kwato za farasi. Nimewasimamisha watu wengi kwa njia hiyo, na karibu wote ni watu wa vita.

Upande wa kwanza hukaa kichwa cha Kaizari, na Makaizari ukiwatazama sana wote ni mmoja: shingo nene, mdomo uliofumbwa, majani kichwani. Upande wa pili ndio wenye mambo. Kuna Kaizari juu ya farasi, farasi kainua miguu ya mbele, na chini ya miguu hiyo kuna mtu. Kuna askari wawili wamesimama na bendera za kikosi. Kuna mwanamke mwenye mabawa anayeandika kwenye ngao. Nikimwita malaika bosi anakasirika, anasema huyo ni Ushindi. Kuna mikono miwili iliyoshikana, na maneno yanayosifu mapatano ya majeshi. Bosi aliniambia kwamba hizo za mikono zilichapwa hasa wakati majeshi yalipokuwa hayapatani. Sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Mimi natoka nchi ambako ukisikia redioni kwamba wakubwa wa jeshi wameshikana mikono, unaanza kufunga mizigo.

Halafu kuna mateka. Hao hukaa chini ya nguzo iliyovikwa chapeo na deraya za jeshi lililoshindwa, kitu kinachofanana na sanamu ya kufukuzia ndege shambani. Mateka hukaa chini ya nguzo hiyo, mwanamume au mwanamke, kichwa kimeinama, mikono nyuma. Mara nyingi amesuguliwa na vidole vya watu mpaka hana uso. "Mateka wanauzika," bosi huniambia. Hasemi kwa ubaya. Anasema kama mwenye bucha anavyokuambia maini yanatoka haraka.

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba fedha hizi zililipwa askari kwanza. Kwa hiyo askari alipokunjua kiganja kupokea ujira wake, aliona kazi yake imechorwa juu ya ujira. Tena akanieleza jambo jingine ambalo nimeshindwa kulisahau. Sarafu iliyobaki safi, isiyosuguliwa, ni ile ambayo mwenyewe aliizika ardhini kabla ya vita akitumaini kurudi kuichimbua. "Sarafu nzuri," alisema, "ni ile ambayo mwenyewe hakurudi."

Sasa nimseme mdogo wangu, maana bila yeye haya yote ni habari za duka tu.

Alikuwa fundi wa kuchomelea, wa milango na madirisha ya chuma. Mama alimwita papa, kama akina mama wa kwetu wanavyowaita wana wao wa kiume. Alikuwa na mabega mapana mpaka fulana zake mama alizifumua ubavuni na kuongeza kitambaa. Mimi nilikaa mjini na studio yangu. Yeye na mama walikaa nyumbani kwetu, mlimani, nje ya mji. Siku watu wenye bunduki walipopita kijijini mimi sikuwepo. Walikuwa wa kundi gani hatukujua, maana sare siku hizo kila mtu alikuwa nayo. Nilipofika, mdogo wangu hayupo, na mama ameketi mlangoni na neno moja tu: walimchukua akawabebee mizigo.

Neno hilo liliaminika. Walikuwa wakiwachukua vijana kubeba risasi na magunia ya unga, na yeye alikuwa na yale mabega. Kisha likatokea jambo lililotumaliza kabisa: kijana mmoja wa jirani, aliyechukuliwa vilevile, alirudi. Alirudi baada ya miaka, amekonda, mabega yake yana makovu ya kamba za mizigo, lakini alirudi na akaoa. Tangu siku hiyo mama hakutaka kusikia kitu. Kama wa jirani karudi, wa kwake yuko njiani.

Kwetu mtu hawekewi matanga kwa kubahatisha. Ukimlilia aliye hai, umemfungia njia ya kurudi. Hata akija atakuta ameshazikwa. Kwa hiyo hatukulia. Tulitoka Bukavu bila kulia, tukaishi kambini bila kulia, tukaletwa Canada, tukapangishwa Weston, magharibi mwa jiji, kwenye jengo kuukuu juu ya mto Humber, na mdogo wangu tukaja naye hivyohivyo, si maiti si mzima. Mama alimtia kwenye maombi ya wasafiri. Mwaka mmoja mchungaji wetu, kwa nia njema, alimtaja katika ibada ya kuwakumbuka marehemu. Mama alisimama katikati ya sala, akachukua mkoba wake, akatoka. Hakurudi kanisa lile miezi mingi, na mchungaji alipokuja nyumbani kuomba radhi alimpa chai bila sukari.

Lifti ya jengo letu ni mgonjwa asiyepona. Magoti ya mama nayo ni hivyohivyo. Nilipata nyumba ya chini huko Agincourt, hatua chache kutoka kazini, isiyo na ngazi hata moja, yenye dirisha linaloangalia mti. Akakataa.

"Adresi ya hapa njo nilituma kwetu," alisema kwa Kiswahili chetu cha Bukavu. "Akifika, ataniuliza wapi?"

Nikaendelea kuivuka Toronto yote kila siku kwa treni na mabasi, na yeye akaendelea kupanda ngazi akipumzika kila ghorofa na mifuko yake ya unga. Wakati mwingine nilimkasirikia mpaka nikaondoka mezani. Na niseme wazi: nilitaka mdogo wangu awe amekufa. Sikumchukia. Nilimpenda kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpenda, na mke wangu wa zamani alilijua hilo na alikuwa na haki ya kulalamika. Nilitaka awe amekufa ili nimlilie. Huzuni iliyofungiwa inaoza kama chakula kilichofunikwa kingali moto.

Majira ya baridi yaliyopita theluji ilianguka mpaka mabasi yakasimama. Bosi alipiga simu asubuhi akaniambia nisije, nizisafishe picha nyumbani, kwa kuwa alikuwa na mnada karibu. Sarafu zenyewe haziruhusiwi kutoka dukani, lakini picha ninazo kwenye kompyuta. Nikaiweka kompyuta kwenye meza ya jikoni, maana chumbani kwangu hakuna meza, na mama akaendelea na maharage yake jikoni akinung'unika kwamba nimemziba njia.

Alikuwa hajawahi kuiona kazi yangu. Pesa za wafu hazikumvutia. Mara moja tu aliniuliza kama hizi ndizo zile dinari za kwenye Injili, nikamwambia ndiyo, jamaa zao, akasema basi niwe na adabu nikizishika.

Picha niliyokuwa nayo mchana ule ilikuwa ya dinari safi kupita zote nilizowahi kupiga. Ilitoka kwenye chungu kilichozikwa. Nguzo ilikuwa imesimama katikati na chapeo juu yake, na chini yake mateka ameketi, amegeuzwa ubavu. Vidole vya watu havikuwahi kumsugua. Alikuwa na ndevu, alikuwa na mbavu, na kwa sababu taa niliiweka chini sana siku hiyo, kivuli kilikuwa kimeingia mpaka kwenye kamba. Niliikuza picha ili niondoe vumbi. Kitu cha ukubwa wa ukucha kikajaa kioo chote, mateka akawa mkubwa kama mtoto aliyekaa mezani kwetu.

Mama alikuja na kikombe cha chai ya tangawizi. Macho yake ni mabovu, kitu kidogo hakioni. Hiki kilikuwa kikubwa.

"Ule ni nani?" aliuliza.

"Ni mateka, mama. Mutu balimukamata ku vita."

Hakuweka kikombe. Aliinama, akasogeza uso karibu na kioo, akanyoosha kidole na kukifuata kile kivuli: begani, chini ya mkono, mpaka pale kamba ilipopita. Mchongaji wa Kirumi hakuifunga mikono ya mtu wake kwenye vifundo. Aliifunga kwenye viwiko, nyuma, viwiko vimevutwa mpaka vinataka kugusana, kifua kimetokeza mbele kama cha kuku. Mimi nilikuwa nimeitazama picha hiyo saa nzima nikitafuta vumbi.

"Balimufunga ku viwiko," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mutu wa kubeba muzigo habamufungake vile. Atabeba na nini?"

Nilidhani anamsema Mrumi. Nikaanza kumjibu kwamba hao hawakubebeshwa kitu, kisha nikamtazama usoni. Chai ilikuwa inamwagika kwenye vidole vyake wala hakuihisi. Nikachukua kikombe.

"Njo vile balimufunga," alisema. "Nilimuona. Mulangoni. Balimufunga vile, bakamushusha ku mutoni."

Kila mtu wa kwetu anaijua kamba ya viwiko. Anayefungwa hivyo hapelekwi mbali. Mama aliijua, kijiji kizima kiliijua, na mtoni tulijua wote watu walishushwa kufanya nini. Miaka yote ile alikuwa na picha hiyo kichwani, na mimi akanipa nyingine, ya kijana mwenye gunia begani anayetembea kuja kwetu.

Nilikasirika. Nikasimama, kiti kikaanguka.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua nini?" Sauti yake haikupanda. "Niliona kamba. Kamba haiko kifo."

Nikainua kiti. Maharage yalikuwa yanachemka na kugonga kifuniko, nje magari ya kuzoa theluji yalikuwa yanapiga kelele zao za kurudi nyuma. Mama alikuwa bado ameinama mbele ya kioo.

"Na ule wa ku feza," aliuliza baadaye, "alirudiaka kwabo?"

Ningeweza kumwambia sijui. Makaizari wamelala, hakuna ambaye angenikosoa. Lakini bosi alikuwa amenieleza yaliyowapata hawa: walitembezwa mjini mbele ya umati, wakazomewa, na mwisho wa gwaride wengine waliuzwa na wengine waliuawa. Na nilijua ni nani ninayeulizwa.

"Hapana, mama," nikasema. "Hakurudi."

Aliitikia kwa kichwa. Akaenda kupunguza moto wa maharage.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, husemwa, lakini mshindo wa mama haukuja. Alipika, tulikula, aliosha vyombo, akakataa nimsaidie. Mimi nikaimaliza picha, kwa kuwa ilikuwa lazima iishe, nikaandika maelezo kwa yale maneno tunayotumia siku zote: mateka ameketi chini ya nguzo, mikono nyuma, hali nzuri sana. Nikaituma. Iliuzwa kwenye mnada siku zile zile, kwa mtu ambaye sitamjua, na bosi alinisifu kwa taa.

Siku ya tatu, ngazi za nje zikiwa zimesafishwa na kumwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, na mimi navaa viatu vya theluji niende kazini, mama aliniita kutoka kitandani.

"Unitafutie mugomba," alisema.

Nikakaa chini hapohapo mlangoni, kiatu kimoja mguuni. Kwetu, mtu akipotea na mwili wake usipatikane, na wenyewe wakakubali kwamba hatapatikana tena, huzikwa mgomba badala yake. Hukatwa shina la mgomba, huvikwa nguo yake, hushushwa kaburini, na matanga huanza. Shina la mgomba ni jeupe ndani na lina maji, ni zito kama mtu. Kuliomba ni kukubali. Mama alikuwa anamzika mwanawe, na alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi.

"Hapa Canada hakuna migomba, mama."

"Utatafuta."

Kwa kweli sikuhitaji kutafuta. Duka la Watamil linalopakana ukuta na duka letu huuza mashina ya migomba. Wao huyala, huyakatakata na kuyapika na dengu. Nilikuwa nimepita mbele yake kila siku, nikinunua tangawizi na pilipili, bila kujua kwamba jeneza la mdogo wangu liko pale kati ya bamia na majani ya mkunde. Lakini mama alinikataza kununua kwanza. Ardhi ilikuwa imeganda, hata wenye makaburi yao halisi walikuwa wanangoja. Tukangoja. Nilipita kwenye lile duka kila siku ya kazi na kila siku niliangalia kama yapo.

Udongo ulipolainika nilinunua. Vipande viwili virefu kama mkono, vimefungwa pamoja kwa kamba ya nailoni ya kijani. Mwanamke wa kwenye mashine ya kulipia aliniuliza kama najua kupika hiki, akanieleza namna ya kuondoa nyuzi ili zisinikere kooni. Nikamshukuru. Nikapanda basi, nikaubeba mgomba mapajani kuvuka mji mzima mpaka Weston, na hakuna aliyenitazama.

Mama ana kishamba karibu na mto, kimoja cha vile ambavyo wapangaji hupewa walime. Hupanda lengalenga, mchicha wa kwetu, na maharage. Alikuwa ameshatangulia na mchungaji, yuleyule wa chai bila sukari, na alivyoshuka zile ngazi sijui. Alikuwa na fulana ya mdogo wangu, ile aliyoiongeza kitambaa ubavuni. Nikachimba. Chini ya udongo mweusi bado kulikuwa na barafu, nikaivunja kwa koleo. Mto ulikuwa umejaa, maji ya kahawia yanapita na matawi, na nilijitahidi nisiutazame.

Nilipochukua fulana niufunike mgomba, mama alinishika mkono. Alikuwa anaitazama ile kamba ya kijani.

"Hatutamuzika mwenye kufungwa," alisema.

Nikampa kisu. Akakataa kisu. Alipiga magoti kwenye matope, magoti yale, akauweka mgomba mapajani na kuanza kulifungua fundo kwa kucha. Lilikuwa limelowa na limekazwa na mashine. Mchungaji alijitolea kusaidia, nami pia, hakutuachia. Vidole vyake viliteleza, vikarudi, vikateleza. Sisi wawili tulisimama na kofia zetu mikononi mpaka lilipoachia.

Aliitoa kamba yote, akaitia mfukoni. Vile vipande viwili vikaachana, kimoja kikaanguka huku na kingine kule. Mama akavilaza kwenye fulana, kila kimoja ndani ya mkono mmoja wa fulana.

"Nyoosha mikono, papa," akasema.

Ndipo tukalia.